Magoti ya mama yamesagika: maji ya bamia au mazoezi?

Binti Tanga: Wakuu, mama ana miaka 64, kilo 88. Eksirei imeonyesha magoti yote yamesagika, la kulia zaidi. Asubuhi yanakakamaa kama dakika 15, ngazi zinamtesa, na choo cha kuchuchumaa hainuki bila kushikwa. Majirani wanasema ute umeisha, anywe maji ya bamia. Amepewa vidonge vya diklofenaki na ana presha. Tufanyeje?

Fizio Moro: Pole, dada. Kilicholika ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, siyo ute. Goti la hivi mara nyingi hutengeneza maji mengi hadi linavimba. Bamia ni mboga nzuri, ila inasagwa tumboni kama mboga nyingine.

Kazi kubwa iko kwenye msuli wa mbele wa paja, maana ukilegea, goti hubeba kishindo chote. Akae kwenye kiti, anyooshe goti hadi mwisho, ahesabu 5, ashushe polepole. Mara 10, mizunguko 3 kila mguu, siku 3 kwa wiki. Mwanzoni maumivu hupanda kidogo, na hapo ndipo wengi huacha wakidhani wanajisaga zaidi. Yakitulia ndani ya saa 24, aendelee. Yasipotulia, apunguze idadi, asiache kabisa. Mpeni wiki 6 hadi 12.

Fimbo aishike mkono wa kushoto, upande wa pili wa goti bovu. Kupanda ngazi, mguu wa kushoto utangulie. Kushuka, wa kulia pamoja na fimbo.

Mfamasia: Vidonge vya diklofenaki hupandisha presha na huumiza figo na tumbo, hasa akinywa pia losartan (dawa ya presha) na dawa ya kukojoza. Rudini kwa daktari mkaulizie jeli ya diklofenaki. Ile ya asilimia 1 hupakwa gramu 4 kwa goti, hadi mara 4 kwa siku, bila kufunga bandeji juu yake.

Binti Tanga: Asanteni sana. Na choo? Nitoboe kiti cha plastiki?

Fizio Moro: Hapana, hupasuka miguu na huteleza kwenye vigae vyenye maji. Fundi achomelee cha chuma chenye raba miguuni, kimo cha kutosha ili akikaa magoti yasipite nyonga. Uzito nao: kila kilo 1 ikipungua, goti hupunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua. Goti likiwa jekundu, la moto, na homa juu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.