Tela linacheza mkia nikifika spidi 90 na mizani inasema uzito uko sawa

mzururaji_wa_barabara

Wakuu habarini. Nina tela la kulala, lile la vitanda na jiko, ekseli mbili, kibati chake kinaruhusu mpaka kilo 2,000. Shida ni kwamba nikifika spidi 90, hasa kwenye mteremko au lori likinipita, nyuma inaanza kwenda kushoto kulia kushoto kulia kama mkia wa mbwa, mara ya mwisho nilishika usukani mpaka mikono ikafa ganzi. Nikasema labda nimezidisha mizigo, nikaenda mizani ya malori nikapima kila kitu na namba ni hizi:

Gari peke yake (mimi na mke wangu ndani, tanki la mafuta limejaa) ekseli ya mbele 1,180 na ya nyuma 1,100. Nikafunga tela nikapima tena, mbele 1,130, nyuma 1,275, ekseli za tela zote mbili 1,640.

Sasa 1,640 si iko chini kabisa ya 2,000? Mbona linayumba? Fundi mmoja kaniambia nifunge zile nondo za springi za kugawa uzito na mambo yataisha. Nifunge?

spana_kumi

Funga nondo mkuu, mi nilifunga na gari imekaa sawa kama meza. Gari yako inainama nyuma ndo maana.

babu_wa_ekseli

Usifunge kitu kwanza. Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, umepima, ila umesoma namba moja tu.

Angalia hapa. Gari peke yake ni 1,180 + 1,100 = 2,280. Likiwa na tela ekseli za gari zinasoma 1,130 + 1,275 = 2,405. Hizo kilo 125 zilizoongezeka ndo tela linavyokandamiza ule mpira wa chuma nyuma ya gari, sisi tunaita uzito wa shingo. Kwa hiyo tela lako halina 1,640, lina 1,640 + 125 yani 1,765. Bado uko ndani ya kibati, sawa, ila 125 kwa 1,765 ni asilimia 7 tu. Kwa tela za namna hii zinazovutwa na magari makubwa shingo inatakiwa iwe kati ya asilimia 10 na 15. Ugonjwa wako uko hapo. Uzito wenyewe hauna neno, ila umekaa nyuma mno.

Halafu elewa hivi, kila tela lina spidi yake. Chini ya hiyo spidi upepo ukilisukuma linayumba kidogo linatulia lenyewe, juu ya hapo kila likiyumba linayumba zaidi ya mwanzo. Ukipakia nyuma hiyo spidi inashuka, ukisogeza mbele inapanda. Wewe yako imeshuka mpaka 90, siku upepo mkali inaweza ikawa 80.

Sasa tuambie nyuma kuna nini, na kutoka katikati ya ekseli zako mpaka kwenye mpira ni mita ngapi.

mzururaji_wa_barabara

Duh. Mita 4.6 nimepima sasa hivi na futi ya mke wangu ya kushonea. Nyuma kabisa kuna keria ya baiskeli mbili kama kilo 30, iko mita 3.2 nyuma ya ekseli. Kwenye buti la nyuma kuna jenereta na masanduku ya spana, vyote kama kilo 80, mita 2.8. Na tanki la maji lita 80 liko mita 1.5 nyuma ya ekseli, huwa naondoka nimelijaza.

Lakini kuna sehemu nilisoma asilimia 5 mpaka 7 inatosha, ndo maana sikushtuka.

babu_wa_ekseli

Hiyo 5 mpaka 7 ni ya karavani za Ulaya, na si uongo. Kule magari mengi mpira wake unaruhusu kilo 75 mpaka 100 hivi, karavani zenyewe ni nyepesi na spidi wanazovutia ni ndogo, na wanahimizwa sana vitu vizito vikae chini juu ya ekseli. Wewe ukichukua asilimia ya kule halafu upakie jenereta kwenye buti la nyuma unakuwa umebeba nusu ya ushauri ukaacha nusu.

Hesabu ni ya bembea tu, ile ya watoto. Ekseli ndo katikati. Kilo zidisha kwa mita ulizosogeza, gawa kwa 4.6. Baiskeli ukizitoa ukaziweka juu ya gari: 30 × 3.2 ÷ 4.6, shingo inapata kilo 21. Jenereta na spana ukizileta ndani, sakafuni, nusu mita hivi mbele ya ekseli, umesogeza mita 3.3, hapo unapata kama 57. Tayari uko 203 na tela limebaki 1,735, asilimia karibu 12. Ukimwaga na maji unaongeza 26 na tela linapungua, unafika asilimia 13 na kitu. Maji yakiwepo au yasipokuwepo uko ndani ya mstari, ndo raha ya kupanga vizuri. Kuna watu tela zao zinatulia tu tanki likiwa tupu, wakijaza safari inageuka.

Ila usipeleke jenereta mpaka pua ya tela ukidhani ukizidisha ndo bora. Uzito mwingi pua na mwingine mkiani tela linakuwa kama chuma cha mazoezi, likishaanza kuzunguka kulisimamisha ni kazi hata kama asilimia iko sahihi. Vizito katikati na chini, makabati ya juu weka mashuka na vikombe.

spana_kumi

Sawa babu lakini shingo ikipanda si gari ndo itainama zaidi? Nondo zinasaidia bana.

babu_wa_ekseli

Itainama ndio, na mbele itazidi kuwa nyepesi. Ona namba zake mwenyewe, shingo ya 125 imeongeza 175 ekseli ya nyuma na kuinyang'anya mbele 50, maana mpira uko nyuma ya tairi. Nondo kazi yake ni kurudisha uzito huo mbele, hiyo sikatai na akiona usukani mwepesi azifunge. Ila haziwezi kuhamisha jenereta. Ukizifunga kwenye tela lililopakiwa vibaya umeficha homa. Na siku ya kupima shingo zilegeze kwanza, la sivyo mizani inakudanganya.

Angalia pia kibati cha gari, ekseli ya nyuma inaruhusu ngapi na mpira wenyewe ngapi. Uzito wa shingo unahesabika kama mzigo wa gari, pamoja na nyie na mabegi yenu.

kiti_cha_nyuma

Kama mizani ya malori iko mbali, shingo unaweza kupima nyumbani na mzani wa bafuni. Ubao mgumu, mwisho mmoja uegemee kipande cha bomba juu ya tofali, mwisho mwingine kipande kama hicho juu ya mzani, katikati ya mabomba iwe sentimita 120. Shusha shingo kwenye ubao sentimita 30 kutoka upande wa tofali, tela liwe limelala sawa na tairi zimewekewa mawe. Mzani unasoma robo, zidisha kwa 4. Usisahau kutoa uzito wa ubao wenyewe ambao mzani ulisoma kabla.

Na swali lako hukuuliza ila ntakujibu: likianza kuyumba usikanyage breki ya gari kwa nguvu na usishindane nalo kwa usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, kama una kile kiswichi cha breki ya tela peke yake kibane taratibu. Kuongeza mafuta ili "kulinyoosha" ni kamari.

mzururaji_wa_barabara

Nimerudi wakuu. Nimehamisha kama mlivyosema, baiskeli ziko juu ya gari, maji nimeyaacha yamejaa kwenye tanki. Mizani leo: mbele 1,113, nyuma 1,401, tela 1,531. Gari peke yake na baiskeli ni 2,310, kwa hiyo shingo 204. Kibati cha gari nyuma kinaruhusu 1,500 na mpira 250, niko ndani. Nimepanda mpaka 95 lori mbili zimenipita, limetikisika kidogo likatulia. Mke wangu kalala njia nzima, hajawahi.

Ila nikapima na upande mmoja mmoja, tairi za kushoto 830 za kulia 701. Jiko na friji viko kushoto. Hii nayo ni shida?

babu_wa_ekseli

Friji huwezi kuihamisha, ila spana je? Zipeleke ukuta wa kulia hapo hapo mbele ya ekseli, na betri ya akiba kama unayo. Hutapata sawa kwa sawa. Halafu soma ubavuni mwa tairi za kushoto kila moja inabeba ngapi, kwako ni kama 415 kila moja, na upepo ujaze tairi zikiwa za baridi.