Mashine ya kutikisa ya kung'arishia brasi, alminiamu na chuma: moja inatosha kwa zote?

KarakanaA-Town

Habari zenu wakuu. Nina karakana ndogo hapa Arusha, tupo wanne, na kazi zetu ni aina tatu ambazo hazifanani kabisa. Kuna kiholda (vishikio vya funguo) za brasi, tunakata kwenye bamba la milimita 3, zina tundu la milimita 6 la kupitishia pete na mchoro wa twiga au mlima, hizo zinaenda maduka ya zawadi za watalii. Kuna vitasa vya milango vya alminiamu ya kuyeyusha, tunamimina kwenye mchanga, urefu kama sentimita 20. Halafu kuna mabano ya chuma cha kawaida milimita 4, tunakatisha kwa leza kwa jamaa mwingine, sisi tunatoa makali na kupaka rangi.

Sa hivi yote hayo tunafanya kwa mkono, tupa, msasa, grenda yenye kitambaa, vijana wanachoka, vidole vinaungua na bado kila kipande kinatoka kivyake. Nimeona video za mashine zile za bakuli zinazotikisika na vijiwe ndani, vitu vinatoka vinang'aa. Kuna muuzaji kanipa bei ya bakuli la lita 100 na gunia moja la vijiwe vya seramiki, anasema hivyo hivyo vinafanya metali zote. Nataka kujua kabla sijatoa hela, je ni kweli moja inatosha? Na ukubwa huo ni sahihi au nitafute dogo? Naombeni uzoefu, hasa wa mtu aliyewahi kuishika kwa mikono yake.

Fundi_Gerezani

Mkuu usitoe hela kwanza. Mashine inaweza kuwa moja, hilo halina shida, ila gunia moja la vijiwe kwa metali zote hapana, hapo utaingia mkenge. Anayesaga ni kijiwe, mashine kazi yake ni kukitikisa tu, kwa hiyo swali la kwanza ni metali gani, la pili ndo kijiwe gani na maji gani, mashine inakuja mwisho.

Seramiki ni nzito na ngumu, inafaa hayo mabano yako ya chuma na stenlesi kama unayo. Ukiitupia brasi au alminiamu inafanya kazi ndiyo lakini inazitoboa toboa uso, zinakuwa na vidoa vya kugongwa kama zimepigwa na mvua ya mawe, halafu unaanza tena kusugua kwa mkono kuondoa hivyo vidoa. Kwa metali laini tafuta vijiwe vya plastiki, ni resini iliyochanganywa na unga wa kusagia, vyepesi, vinakula taratibu na uso unatoka laini kama wa satini. Kwa lita ile ile ya ujazo, seramiki ina kama kilo moja na nusu na plastiki ni kama kilo moja, tofauti hiyo ndo inayoonekana kwenye uso wa kipande.

Na usichanganye metali kwenye mzunguko mmoja hata siku moja. Chembe za chuma zinajichomeka kwenye alminiamu, baada ya wiki mbili mteja anakuletea kitasa kina madoa ya kutu na wewe unashangaa alminiamu inapataje kutu. Hata vijiwe vilivyotumika kwenye chuma usivirudishe kwenye brasi, weka ndoo mbili, ziandike kwa rangi, na bakuli lioshwe vizuri katikati.

Jingine, hizo kiholda ni bapa na nyembamba, zikilowa zinashikana mbili mbili kama kadi za karata, upande wa ndani hausagwi kabisa. Usizijaze nyingi, weka vijiwe sehemu 5 au 6 kwa sehemu 1 ya vipande, na uchague kijiwe chenye umbo la koni au piramidi, usichukue pembetatu bapa. Kuhusu tundu la milimita 6, nunua kijiwe cha milimita 15 kwenda juu ili kisiingie. Ila kumbuka vinaliwa vinapungua, siku vikifika milimita 6 kila tundu litakuwa na kijiwe kimekwama na utakaa na msumari unachomoa kimoja kimoja, kwa hiyo kila mwezi chekecha kwenye wavu, vidogo vyote toa.

mzee_wa_mota

Naongezea upande wa umeme maana hapo wengi wanaumia. Uliza hiyo mashine imetengenezwa kwa hezi ngapi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Nyingi za mitumba zinazotoka Marekani ni volti 110 na hezi 60, watu wananunua transfoma wanadhani wamemaliza, lakini transfoma inabadilisha volti tu, hezi zinabaki 50 zetu. Mota iliyotakiwa kuzunguka mara 1,800 kwa dakika inazunguka 1,500, na nguvu ya mtikisiko inafuata mraba wa mwendo, kwa hiyo unapoteza karibu theluthi nzima ya nguvu. Mzigo unalala, hauviringiki, na mota yenyewe inapata joto kuliko ilivyozoea.

Pia fungua chini uangalie zile bati za uzito kwenye shafti, kuna za juu na za chini. Ukiongeza uzito unaongeza mtikisiko, ukibadilisha pembe kati ya za juu na za chini unabadilisha jinsi mzigo unavyozunguka. Ukiona mzigo unaenda mbio kuzunguka bakuli lakini haujigeuzi toka chini kuja juu, pembe haijakaa sawa, usikimbilie kulaumu vijiwe. Bakuli likae kwenye springi zake na sakafu iliyonyooka, usilifunge kwa bolti kwenye zege kwa nguvu, nyufa utaziona. Kwa lita 100 umeme wa thri fezi (wa njia tatu) ni bora kama unayo hapo karakana.

Mkenya_wa_Kamukunji

Salamu kutoka Nairobi bradha. Mimi nilianza na pipa la kuzunguka, lile la kulala, nilitengeneza mwenyewe na mota ya gia, na kwa kiholda za brasi mpaka leo natumia hilo. Ni polepole, kazi ya masaa mawili kwa bakuli inakula siku nzima kwa pipa, na huwezi kuchungulia bila kulisimamisha, lakini ni bei rahisi na brasi inatoka poa sana. Jaza nusu tu, kidogo zaidi ya nusu si mbaya, ukijaza mpaka juu hakuna kitu kinateleza ndani.

Sasa sikia kilichonipata ili kisikupate. Niliweka alminiamu kwenye hilo pipa na sabuni ya kuondoa grisi niliyonunua dukani, nikafunga mfuniko vizuri kabisa na bolti nne, nikaenda lunch. Nilirudi mfuniko uko upande mwingine wa karakana, ukuta umepasuka plasta na vipande vyote ni vyeusi tii. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikipita pale. Ile sabuni ilikuwa na kostiki, alkali kali sana, na kostiki ikikutana na alminiamu inatoa gesi ya haidrojeni, kwenye pipa lililofungwa gesi haina pa kutokea. Kwa alminiamu tumia bakuli lililo wazi, na usiamini maandishi ya mbele ya kopo, soma ya nyuma.

Mama_Kemia

Pole sana kaka wa Nairobi, na umefanya jambo la maana kulisema wazi. Mimi nafundisha kemia na mume wangu ana karakana, kwa hiyo suala la maji nimeliishi pande zote mbili.

Alminiamu haitaki tindikali kali wala alkali kali, zote zinaila. Tafuta kompaundi (dawa ya kutia kwenye maji ya bakuli) isiyo na upande, pH ya 7 mpaka 8 hivi, 7 ndiyo katikati, chini yake ni tindikali na juu yake ni alkali, karatasi za kupimia zinapatikana maduka ya vifaa vya maabara. Chuma ni kinyume, chenyewe kinapenda alkali kidogo, pH 9 hivi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu, la sivyo unakitoa kinang'aa na kabla hujamaliza kukipanga kimeshakuwa cha rangi ya chungwa. Brasi ndiyo inapenda uchachu kidogo. Bibi zetu pwani walisugua masinia na mabuli ya shaba kwa ndimu au ukwaju na jivu, ni jambo lile lile, tindikali inaondoa ule weusi. Kijiko cha asidi ya sitriki kwenye maji ya mzunguko wa mwisho kinatosha. Ukizidisha au ukiacha muda mrefu zinki iliyochanganywa na shaba kutengeneza brasi inatoka usoni na brasi inageuka ya pinki pinki kama shaba nyekundu, hapo mpaka usage upya. Na usitumie kabisa sabuni yenye amonia kwenye brasi iliyokunjwa au kugongwa, inaweza kuipasua nyufa siku za baadaye.

Ninachokiomba sana ni maji machafu yasimwagwe mtaroni. Brasi nyingi, hasa ya mabomba ya zamani, ina risasi (ile metali yenye sumu) ndani yake, na ule uji wa kijivu unaotoka kwenye bakuli umebeba hiyo risasi. Weka mapipa mawili, la kwanza tope lituame, la pili maji yapumzike, tope likaushwe likusanywe mahali pamoja mbali na watoto. Vijana wanaotia vitu kwenye bakuli wavae glavu, waoshe mikono kabla ya kula. Nimeona chai inanywewa juu ya mashine hizi na iliniuma.

KarakanaA-Town

Aisee nashukuruni mno, nilikuwa nakaribia kabisa kulipa. Maswali mawili yamebaki. Ile mng'ao wa kioo kwenye brasi nitaupata kwa vijiwe vya plastiki peke yake? Na mabano ya leza yana ile slagi ngumu (chuma kilichoyeyuka kikaganda) chini pembeni, bakuli litaitoa?

Niko_Ujerumani

Nafanya kazi kiwanda kimoja huku Ujerumani, idara yetu ndo hii hii, vipande vya kila namna vinapita. Nikujibu la slagi kwanza: hapana. Bakuli linatoa makali na vijimeno vyembamba, linaviringa kona, linafuta mistari ya msasa. Slagi nene ya leza au kipande kilichobaki kwenye mlango wa kumiminia, pale alminiamu ilipoingilia kwenye mchanga, haliwezi, litazunguka masaa kumi na hicho kitu bado kipo, wakati huo huo limeshakula kona zako nzuri zote. Gonga kwanza kwa patasi au pitisha grenda, ndo uingize. Na kama leza ya huyo jamaa inakata kwa gesi ya oksijeni, ukingo unabaki na ngozi nyeusi ya oksaidi na rangi haishiki vizuri juu yake, inabanduka na ngozi yake. Seramiki yenye makali itaiondoa ukiipa muda, anza na masaa matatu, chungulia kila saa. Mwulize kama anaweza kukata kwa naitrojeni, ukingo unatoka msafi toka mwanzo.

Brasi sasa. Plastiki inakupa satini, sio kioo. Hatua ya pili ni kavu, magunzi ya mahindi yaliyosagwa na kuchanganywa na pasta ya kupolishi, masaa manne mpaka sita. Magunzi huko kwenu yanachomwa moto tu, ukipata mtu mwenye kinu cha kusaga na wavu wa milimita mbili tatu umepata mali. Yawe makavu sana. Vumbi lake vaa barakoa, kwa sababu hiyo ya risasi aliyosema dada. Njia nyingine ni vipira vidogo vya stenlesi, havisagi, vinakandamiza uso mpaka unang'aa, matokeo ni mazuri sana na ni haraka, lakini lita moja ni kama kilo tano, bakuli la kawaida springi zitalala. Weka kwenye pipa la kuzunguka kama la yule wa Nairobi, kidogo kidogo.

Utaona pia matangazo ya zile mashine ndogo za sumaku zenye sindano nyembamba za stenlesi. Kwa hereni na pete za brasi ni nzuri mno, zinaingia kwenye kila pembe. Kwa mabano ya chuma usijaribu, chuma chenyewe kinavutwa na sumaku kinaganda chini.

Na twiga wako muangalie. Vijiwe vinagonga sana kona na vilivyoinuka kuliko bapa, mchoro mwepesi utafutika pembe na macho yatapotea. Saga kwanza, chora baadaye, halafu magunzi peke yake mwishoni.

Ukubwa, lita 100 unajaza kama 85, kwa 5 kwa 1 vipande vinapata lita 14 hivi, hiyo ni kiholda nyingi sana kwa mara moja. Wasiwasi wangu ni vitasa, sentimita 20 ni ndefu, pima upana wa mfereji wa bakuli, ile nafasi kati ya kitovu na ukuta, kabla hujanunua, kitasa kisipoweza kujigeuza humo kitakwama na kugongana na mwenzake. Vitu virefu kwetu vinaenda kwenye hodhi la mstatili lenye vigawanyo, kila kipande na chumba chake.

Fundi_Gerezani

Huyo wa Ujerumani kamaliza. Mimi ningekuwa wewe ningechukua bakuli hilo la lita 100 kwa masharti kwamba muuzaji abadilishe gunia, nusu seramiki nusu plastiki ya koni, na nitengeneze pipa la kuzunguka hapo hapo karakana kwa ajili ya kumalizia brasi. Mota ya gia na mpira wa kuvika ndani si kazi ngeni kwenu. Chuma kikitoka kisioshwe na maji matupu mwishoni, kioshe na maji yenye ile dawa ya kutu, kikaushwe kwenye magunzi ya moto, na rangi ipigwe siku hiyo hiyo.

Kuna bakuli dogo la lita 50 hapa kwetu, plastiki na seramiki zote ninazo. Kama una basi la kuja Dar wiki hii lete vipande kumi kumi vya kila aina tujaribu, uone kwa macho.

KarakanaA-Town

Alhamisi nakuja mkuu. Vitasa navyo nilete? Nimepima kwenye picha ya muuzaji mfereji unaonekana sentimita 18.

Fundi_Gerezani

Lete, lakini kata kwanza mabaki ya mlango wa kumiminia, na kiholda zije bila mchoro. Zifute grisi na uzifunge kila metali kwenye mfuko wake.