MREJESHO: ile grafu ya LaTeX iliyokuwa inachora mstari wima kwenye x = 2

Wakuu nimerudi, ile ishu ya kuchora grafu ya (x²−1)/(x−2) imekubali jamani!! Kwa aliyepitwa, nilikuwa naandika kwa LaTeX (programu ya kupanga maandishi na hesabu) na kutumia SageTeX, kifurushi kinachoiunganisha na Sage (programu ya hesabu), ili Sage ifanye hesabu halafu pgfplots (kifurushi cha LaTeX cha grafu) ichore, sasa pale kwenye asimptoti (mstari wa x = 2 ambao grafu inausogelea bila kuugusa) grafu ikawa inaunganisha kipande cha kushoto na cha kulia kwa mstari ambao haupo kabisa kwenye hesabu, mwanafunzi akiuona anapotea.

Nilichofanya, nimeiambia Sage itafute yenyewe wapi chini ya sehemu (x−2) panakuwa sifuri, amri yake ya solve inanipa 2, basi natengeneza pointi mafungu mawili, la kwanza linaishia 1.95 na la pili linaanzia 2.05, kila fungu na addplot yake (amri ya pgfplots ya kuchora), kisha ymin -10 na ymax 20 (mwisho wa chini na wa juu wa mhimili wa y). Mstari kwisha.

Kilichonila siku mbili ni kingine. Nilikuwa naweka \sagestr (amri ya kuleta maandishi kutoka Sage) ndani ya coordinates (orodha ya pointi za addplot), inagoma kila mara. Dawa yake unajenga tikzpicture nzima (kodi yote ya mchoro) kama stringi moja, yaani kipande kimoja cha maandishi, huko kwenye sagesilent (sehemu ya kodi ya Sage isiyoonekana kwenye ukurasa), ndo unaimwaga yote kwa \sagestr. Na msisahau kukompaili ni pdflatex (inayogeuza faili la LaTeX kuwa PDF), halafu sage kwenye lile faili la .sagetex.sage linalotokea, halafu pdflatex tena, ukiruka hapo katikati unaona alama za kuuliza tu.

Aliyenishauri niachane na \sageplot (amri ya kuweka grafu iliyochorwa na Sage yenyewe) asante sana, sasa namba za kwenye grafu zina fonti ileile ya maandishi, inapendeza mno.