Jamani, yule mgeni amemvua mzee wetu kofia mbele za watu!

MwanaKibokoni:
Naandika ndani ya matatu, ndiyo kwanza nimetoka hotelini Nyali, mikono yatetemeka. Msinisahihishe herufi. Mwamjua nani namsema. Yule yule wa kila kongamano, mwenye sauti ya kubembelezea watoto, atembeaye na maji yake ya chupa kana kwamba Mombasa hakuna maji.

Tumeitwa kuzungumzia dini na amani ya dunia. Masheikh, mapadri, wachungaji, wote wamekuja. Bwana yule kasema mpaka mbuzi angeshika mimba akazaa na mwana akaachishwa ziwa: eti dini ndiyo ivurugayo siasa za dunia, tuiache mlangoni pamoja na viatu, tushike "maadili ya wote".

Mzee wetu mmoja akanyosha mkono. Miaka themanini na kitu, kanzu imepigwa pasi, nzi akitua ateleza. Akauliza kwa adabu: hayo maadili ya wote ndiyo yaliyowapa wakubwa watano kura ya turufu, mmoja akikataa yote yaanguka, pale Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tangu 1945? Disemba 2023 nchi 13 zilitaka vita visimame Gaza, Uingereza haikuegemea popote, Marekani ikainua mkono mmoja yakaisha. Mkono ule uliacha nini mlangoni, dini ama maadili?

Hakujibu. Alicheka! Akashuka jukwaani, akamvua mzee kofia, KOFIA YA VIUA, kazi ya mkono ya miezi, akajivika yeye, akaigeukia kamera na kuinua dole gumba. Mzee kabaki kichwa wazi, kiganja juu ya upara kama aliyenyeshewa.

Francisco d'Almeida alikuja 1505 akauchoma mji huu mzima, lakini wallahi hakucheka na kamera. Kiganja kile juu ya upara sitakisahau.

Bin_Kisauni:
Na wewe ulikuwa wapi? Wangoja sambusa?

MwanaKibokoni:
Nilisimama! Nikamwambia airudishe, nikamvika mzee kwa mikono yangu. Kofia ilikuwa imelowa jasho la mtu mwingine. JASHO LAKE, kwenye kofia ya mzee wa watu.

MamaLikoni:
Astaghfirullah. Angekuwa babangu, huyo mgeni angerudi kwao bila viatu alivyoviacha mlangoni.

Mkatoliki_wa_Tudor:
Poleni sana kwa mzee. Lakini swali lake ni zito kuliko kofia. Mwaka 1455 Papa Nikolasi wa Tano alimpa mfalme wa Ureno idhini ya kuteka nchi za wasio Wakristo. Ndipo meli zikaja huku, ndipo Fort Jesus ikajengwa, na jina lake mwalijua. Vatican imeikana fikra hiyo waziwazi Machi 2023. Miaka 568! Mimi ni wa kanisa hilo hilo na yaniuma. Wenye nguvu hutaja Mungu wakiingia, wakishakaa hutuambia tusimtaje.

MwanaKibokoni:
Umesema kweli, ndugu yangu. Lakini kofia, jamani. Alimvua!

Mjukuu_wa_Frere_Town:
Mwaanza na Mreno kila siku. Waomani walipoichukua Fort Jesus 1698 walileta nini, tende peke yake? Mababu zetu waliletwa hapa miaka ya 1870 baada ya kukombolewa utumwani. Waliowauza walikuwa wakiswali. Hilo mbona halifunguliwi uzi?

Bin_Kisauni:
Fungua wako, yakhe. Huu ni wa kofia.

Mjukuu_wa_Frere_Town:
Kofia hurudishwa. Bibi yangu mkuu hakurudishwa kwao.

MamaLikoni:
Hapo hata mimi sina neno.

Dereva_Tuktuk:
Swali dogo. Posho walitoa? Mwaka jana nilibeba masheikh watatu na wachungaji wawili kwenye kongamano kama hilo, wakatoka na mifuko ya kalamu. Kalamu zenyewe haziandiki. Nauli yangu mpaka leo sijaiona.

MwanaKibokoni:
Wewe wasema kalamu, mzee amevuliwa kofia!!!

Jirani_wa_Changamwe:
Nimesoma mpaka "kana kwamba Mombasa hakuna maji" nikakwama hapo. Kwani kuna maji? Kwetu mfereji haujatoa hata tone tangu Jumatatu.

MamaLikoni:
Likoni ni wiki ya pili. Wa mikokoteni wamepandisha bei.

Bin_Kisauni:
Dumu la lita 20 huko kwenu ni ngapi leo?