Mnahifadhije wazo la wimbo kabla halijapotea?

MwanaTanga: Wanajukwaa, salaam. Ninatunga mashairi ya taarabu kwa ajili ya kikundi kidogo cha hapa Tanga. Mawazo hayanipungukii, ila yananiponyoka: mstari hunijia ndani ya daladala au sokoni, nami huuandika upesi kwenye simu, lakini jioni nikiusoma nakuta maneno yapo na mahadhi yametoweka. Wenye uzoefu mnafanyaje? Tena, visa mnavichota wapi, maana mapenzi na husuda vimeimbwa hadi vikachosha?

FundiUdi: Ndugu, usianze kwa kuandika, imba. Jirekodi kwa sauti ya chini hata kama ubeti haujakamilika, ukijaza silabi zozote pale neno linapokosekana, huku ukipiga kidole mezani ili mwendo usipotee. Mahadhi ndiyo yanayoamua maneno yapi yatakaa, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiivuta sana ile ya mwisho neno husikika limepinda (vijana wengi wa siku hizi hawajali hilo, shauri yao). Kisha utaje kwa sauti ni jambo gani lililokuchochea, kwani rekodi isiyo na maelezo haikusaidii baada ya miezi kadhaa.

BintiBaraza: Kuhusu visa, mkumbuke Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa zamani, aliyevichota katika mitaa ya Unguja. Wimbo wake juu ya muuaji aitwaye Kijiti ulitokana na mauaji ya mwanamke mgeni, mkasa ambao wasikilizaji wake walikwisha kuusikia, na ndiyo maana uliwachoma. Kwa hiyo sikiliza ugomvi wa mirathi, kodi ya nyumba na madeni ya dukani, ukiyaandika maneno kama yalivyotamkwa, kwa sababu mtu aliyekasirika hutoa mstari ambao wewe usingeubuni. Misemo ya kanga nayo ni hazina, ingawa watunzi wameshaikamua mno.

Mkaa_Kimya: Mimi sirekodi chochote. Ninachokiimba bado asubuhi ya pili ndicho kinachostahili wimbo. Kilichosahaulika hata msikilizaji angekisahau.

FundiUdi: Hilo linafaa kwa kiitikio. Ubeti wenye mizani kumi na sita kila mshororo, na vina vya kati na vya mwisho, haungoji asubuhi. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, aliazima mara nyingi mahadhi ya filamu za Kihindi, kwa hiyo sauti ilikwishakuwapo na kazi iliyobaki ilikuwa ya maneno. Sisi tunaobuni vyote viwili hatuna anasa hiyo.

MwanaTanga: Ahsanteni, nitaanza kujirekodi. Kisa cha kodi ninacho, ila mwenye nyumba mwenyewe huhudhuria maonyesho yetu na hukaa mstari wa mbele.

BintiBaraza: Basi mfanye nahodha anayewatoza abiria nauli ya jahazi linalovuja. Akijitambua, hatathubutu kusema.