Unahamia dishi na bado unataka kurekodi? Tupeane uzoefu wa kuchagua king'amuzi

Mtambo75 (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotoka kwenye antena au kebo kwenda dishi na hawataki kuacha kurekodi vipindi. Swali linaloulizwa kila mara ni "nichukue cha GB ngapi?" Hilo lije baadaye. La kwanza ni hili: kutoka kwenye dishi hadi kwenye TV zinashuka nyaya ngapi? Jibu lake ndilo linaloamua king'amuzi kipi kitakufaa. Diski unaweza kuibadilisha siku yoyote, lakini kupandisha waya mwingine juu ya paa ni kazi ya fundi.

Naanza na linalowaangusha wengi. Kinasa ulichokuwa ukitumia na antena au kebo hakisomi mawimbi ya setilaiti. Kila moja ina kiwango chake cha kurusha: antena ni DVB-T au T2, kebo ni DVB-C, dishi ni DVB-S na S2. Tyuna zake, yaani vipokezi vya mawimbi vilivyo ndani, ni tofauti kabisa na hakuna adapta ya kugeuza moja kuwa nyingine. Ukikazania kukitumia, itabidi king'amuzi cha dishi kikipe picha kwa waya wa AV, ule wa njano, nyekundu na nyeupe. Hapo picha ya HD inashuka kuwa ya kawaida, na king'amuzi lazima kiwe kimewashwa kwenye chaneli hiyohiyo saa ya kurekodi ikifika. HDMI haitakuokoa: vinasa vya nyumbani kwa kawaida vina HDMI ya kutoa tu, na chaneli za kulipia hupita zikiwa zimefungwa kwa HDCP, kinga ya kuzuia kunakili.

Karibuni. Tuweke vipimo na sababu. "Kiko poa tu" haimsaidii mnunuzi.

Koaksia

Mkuu, hapo kwenye nyaya umegusa penyewe. Ngoja nipafungue.

LNB (kile kichwa kilicho mbele ya dishi) ya bendi ya Ku, masafa ya madishi madogo, haishushi chaneli zote kwa mpigo. Masafa yanayopokelewa ni kuanzia 10.7 hadi 12.75 GHz, na waya wa dishi hubeba 950 hadi 2150 MHz tu. Haviingiani. Kwa hiyo LNB ya universal hukata masafa mara mbili: bendi ya chini hadi 11.7 GHz hushushwa kwa osileta (sakiti ya ndani inayopunguza masafa) ya 9.75, na bendi ya juu kwa osileta ya 10.6. Kila bendi ina mawimbi ya wima na ya mlalo, jumla robo nne. King'amuzi huchagua robo kwa umeme kinaoupandisha: volti 13 ni wima, volti 18 ni mlalo, mlio wa 22 kHz ukiwepo ni bendi ya juu, usipokuwepo ni ya chini. Waya mmoja, robo moja kwa wakati.

Sasa chukua king'amuzi cha tyuna mbili, kichomeke waya mmoja. Kinarekodi chaneli ya wima ya bendi ya juu. Tyuna ya pili nayo imefungwa kwenye robo hiyohiyo. Chaneli zote za robo nyingine tatu zinaandika "hakuna mawimbi" mpaka kurekodi kuishe. Watu hurudisha king'amuzi dukani wakidhani ni kibovu, kumbe hakina kosa. Kuunga tundu la kutokea la tyuna ya kwanza kwenda tyuna ya pili hakubadilishi kitu, na splita (kigawanyaji cha waya) ya kawaida haibadilishi kitu pia, maana bado juu ni LNB moja inayosikiliza amri moja.

Njia ni mbili. Ya kwanza, LNB yenye matundu yanayojitegemea: twin ina mawili, quad ina manne, na kila tyuna inapata waya wake. Hapa kuna mtego: Quad na Quattro si kitu kimoja. Quattro nayo ina matundu manne, ila kila tundu limefungwa kwenye robo moja daima, kwa ajili ya kwenda kwenye multiswichi, kifaa cha kugawia ving'amuzi vingi mawimbi. Ukiichomeka moja kwa moja utapata robo moja ya chaneli na hutaelewa zilizobaki zimekwenda wapi. Soma maandishi kwenye LNB yenyewe, usisome tangazo.

Njia ya pili ni kwa nyumba ambayo waya wa pili haupitiki: LNB ya Unicable, mfumo unaoitwa pia SCR. Kila tyuna inapewa masafa yake ndani ya waya huohuo mmoja. Kiwango cha EN 50494 kinafika tyuna 8, EN 50607 kinafika 32. Lakini king'amuzi nacho lazima kiuelewe mfumo huo. Kwenye mpangilio unaingiza namba ya bendi ya mtumiaji na masafa yake, kwa mfano 1210 au 1420 MHz, kama yalivyoandikwa kwenye lebo ya LNB. Tyuna mbili zikipewa namba moja zinagombana, na picha hukatika kila mmoja anapobadilisha chaneli.

Wa bendi ya C, yaani madishi makubwa, mna nafuu kidogo. Osileta ni moja tu ya 5150 MHz, hakuna bendi ya juu wala ya chini. Mgawanyo ni wa wima na mlalo, kwa hiyo waya mmoja unabeba nusu ya chaneli badala ya robo.

Bi_Chaneli

Asante Koaksia, umeeleza vizuri. Swali: nataka kurekodi chaneli mbili huku naangalia ya tatu. Ndiyo kusema nitafute tyuna tatu na nyaya tatu?

Koaksia

Si lazima, dada. Chaneli hazirushwi mojamoja. Transponda moja hubeba kifungu cha chaneli, na tyuna moja ikishaidaka inaweza kurekodi kadhaa ndani yake kwa pamoja. Fungua taarifa za chaneli kwenye rimoti, andika masafa ya zile unazozipenda. Zenye masafa na mkao (V ni wima, H ni mlalo) sawa, mfano zote 11785 H, zinahesabika kama moja. Ukikuta vipenzi vyako vimelala kwenye transponda mbili, tyuna mbili zinatosha hata kwa chaneli nne.

Ila uliza kwanza programu ya king'amuzi inaruhusu ngapi. Viko vyenye kikomo cha kurekodi mbili tu hata kama mawimbi yanaruhusu zaidi. Vinavyotumia programu ya Enigma2, kama Dreambox na VU+, havibani sana hapo. Na vyenye tyuna ya FBC vina vipokezi vinane ndani: kwa nyaya mbili za kawaida unapata robo mbili zozote na transponda zake zote hadi vipokezi viishe. Kwa matumizi ya nyumba moja hiyo inazidi mahitaji.

Giga_Moja_Moja

Nije kwenye diski, kwa sababu hesabu zinazotolewa madukani hazieleweki zimetoka wapi.

King'amuzi cha dishi hakitengenezi picha upya. Kinachukua mkondo ulioshuka na kuuandika kama ulivyo. Kwa hiyo hakuna kuchagua "ubora wa juu" au "ubora wa chini", na ukubwa wa faili unaamuliwa na mrushaji. Kanuni: Mbps mara 0.45 ndiyo GB kwa saa. Chaneli ya kawaida ya Mbps 4 inakula GB 1.8 kwa saa. HD ya Mbps 8 inakula 3.6. 4K ya Mbps 20 inakula 9. Diski ya GB 500 kwa HD hiyo ni takriban saa 138, toa sehemu ambayo baadhi ya watoa huduma hujitengea kwa filamu zao na wewe huigusi. Uliza hiyo sehemu ni kiasi gani, maana kwenye boksi wanaandika ukubwa wote.

Kasi isikusumbue. Kurekodi HD mbili na kutazama ya tatu kwa wakati mmoja ni Mbps 24, yaani MB 3 kwa sekunde. USB 2.0 na diski ya mizunguko 5400 kwa dakika zinaiweza bila jasho. Diski ya 7200 itakuongezea joto tu.

Shida halisi ni umeme. Tundu la USB 2.0 limewekewa mA 500, la USB 3.0 mA 900. Diski ndogo ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampia nzima. Dalili: inalia tik tik, inaonekana kisha inapotea, au rekodi inakatika diski ya pili inapoamka. Dawa ni waya wa USB wenye vichwa viwili upande wa king'amuzi, habu yenye adapta yake, au diski ya inchi 3.5 ambayo huja na adapta ya volti 12.

Umbizo nalo liangaliwe. FAT32 haibebi faili inayozidi GB 4, kwa hiyo mechi ya HD inakatwa vipande viwili au vitatu. Vingine huunganisha vipande vyenyewe wakati wa kutazama, vingine huruka sekunde kadhaa kwenye kiungo. Kama kinakubali ext4 au NTFS, chukua hiyo. Ext4 ina jarida (kumbukumbu ya mabadiliko yanayoandikwa), kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kurekodi huwa unapoteza dakika za mwisho tu.

Flashi inafaa kwa kujaribia, basi. Kuna kile kipengele cha kusimamisha matangazo ya moja kwa moja na kurudisha nyuma; kikiwa kimewashwa muda wote, HD ya Mbps 8 inaandika zaidi ya GB 86 kwa siku hata kama hujarekodi chochote. Flashi ya bei rahisi haiwezi kuhimili hilo. Kizime, kiwake unapobonyeza mwenyewe.

Rimoti_Mkononi

Mimi napinga kidogo. Mbona TV nyingi sasa zina tyuna ya S2 na tundu la USB la kurekodi? Kwa nini ununue boksi jingine?

Mtambo75

Kwa chaneli za bure na mtu asiye na makuu, sawa, mkuu. Ila jua unachopata. TV nyingi zina tyuna moja ya dishi, kwa hiyo ikirekodi umefungwa kwenye chaneli hiyo. Rekodi hufungwa kwa ufunguo wa TV hiyohiyo: ukiihamishia diski kwenye kompyuta, au TV ikifa bodi, faili ni takataka. Na TV nyingi hufuta diski nzima ziikutapo mara ya kwanza, kwa hiyo usichomeke yenye picha za harusi.

Kufunga rekodi hakuko kwenye TV tu. Kwa chaneli za kulipia, vingi vya ving'amuzi vya kampuni hufunga rekodi kwa kadi na kwa boksi lenyewe. Moduli ya CI+, ile inayochomekwa kwenye TV au king'amuzi kufungua chaneli za kulipia, nayo humwachia mrushaji aamue kama chaneli irekodiwe, na ikirekodiwa idumu muda gani. Kabla hujasaini kifurushi uliza maneno haya hasa: nikiacha kulipia, rekodi za zamani zitafunguka? Boksi likibadilishwa kwa ubovu, diski itahamia jipya? Kwa ving'amuzi vingi jibu la hilo la pili ni hapana. Aliyeuliza mapema hashtuki.

Mzee_wa_Waya

Vijana mmesema ya ndani, mimi niseme ya nje. Dishi la kutazamia tu linavumilia mawimbi hafifu, mtu anaona vigae viwili vitatu kwenye picha anapuuza. Rekodi haipuuzi. Mawimbi yakikatika faili linavunjika, mengine hugoma hata kupeleka mbele. Kwa hiyo angalieni ubora, msiangalie nguvu. Nguvu inaweza kusoma 90 na ubora 30, maana LNB inakuza na kelele pia. Geuza LNB kidogo kidogo kwenye kishikio chake mpaka ubora ufike kilele, maana mkao wake hubadilika kulingana na eneo ulipo.

Waya uwe RG6 wa ohm 75, msumari wa kati shaba tupu. Ule wa chuma kilichopakwa shaba hupitisha mawimbi vizuri lakini volti zinapotea njiani. Kwa waya mrefu volti 18 inafika juu ikiwa pungufu, na chaneli za mlalo ndizo zinazoanza kupotea. Msumari utokeze milimita 2 hivi nje ya kiunganishi cha F, na unywele wa wavu usiguse katikati. Viunganishi vya kubana kwa koleo ni bora kuliko vya kuzungusha kwa mkono. Waya uning'inie kidogo chini kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke hapo.

Na kama dishi lina mota, tyuna mbili hazisaidii kitu kwa setilaiti mbili. Likirekodi upande huu, haligeuki.

Bi_Chaneli

Na saa? Kuna vinavyoanza kurekodi kipindi kikiwa kimeshaanza.

Giga_Moja_Moja

Ratiba hutoka kwa mrushaji na vipindi husogea, dada. Weka nyongeza ya dakika 5 mwanzoni na 10 mwishoni. Kwa mpira weka 45 au zaidi, kwa ajili ya muda wa nyongeza na penalti. Angalia tu nyongeza hizo zisigongane na kipindi kinachofuata kwenye transponda nyingine, zitakula tyuna ya pili.

Jingine: ukikizima swichi ya ukutani hakirekodi. Kiache stendibai. Kabla siku za kurudisha hazijaisha, panga kurekodi usiku, kizime kwa rimoti, kisha chomoa umeme dakika tano na urudishe. Vingine hurudi stendibai bila kujua ni saa ngapi, kwa sababu saa huichukua kutoka kwenye mawimbi, na kurekodi kunapita. Kikifanya hivyo, tafuta kwenye menyu mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi. Kama haupo, kirudishe, au kiwekee UPS ndogo: chenye diski ndani hula takriban wati 15 hadi 30 tu.