Samaki watano wamekufa ndani ya wiki moja, tangi jipya. Nimekosea wapi?

Mama Thuraiya
Asalaam alaykum. Nipo Fuoni, Unguja. Nna tangi jipya la kioo, sentimita 60 kwa 30 kwa 30, nimeletewa na kaka yangu kutoka Dar pamoja na filta ya sponji na pampu ya hewa. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa akiliomba tangu Ramadhani. Ijumaa usiku nililijaza maji ya bomba, Jumamosi asubuhi nikatia samaki sita wa dhahabu, maana muuzaji alisema usiku mmoja unatosha.

Siku mbili za mwanzo walicheza vizuri. Siku ya tatu maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele, samaki wanapanda juu kuhema, mashavu mekundu. Tangu hapo kila asubuhi namwaga maji yote, naosha tangi na sponji kwa sabuni, najaza upya. Wamekufa mmoja mmoja, leo kabaki mmoja. Mtoto akirudi skuli anakimbilia tangini kabla hajavua viatu, na mie sina la kumwambia.

Ni maradhi au ni maji? Na huyu mmoja nimfanye nini? Nilitaka kununua wengine Alkhamisi.

Kijana wa Bububu
Pole dada. Mimi ningejaza maji ya mvua, ni safi hayana dawa yoyote.

Babu Kikwajuni
Wa alaykum salaam mwanangu. Alkhamisi usinunue kitu. Nakuomba sana.

Haya si maradhi. Samaki anakula, anapumua na kujisaidia humo humo anamoishi. Kinyesi chake, pumzi yake na chakula kilichobaki hutoa amonia, na amonia ndiyo iliyowaunguza mashavu. Tangi lililokomaa lina bakteria wanaoila amonia wakaigeuza nitriti. Nitriti nayo ni sumu, huharibu damu ya samaki isibebe hewa. Kisha wapo bakteria wa pili, wanaila nitriti inakuwa nitrati, na hiyo samaki huivumilia, unaipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kila wiki. Bakteria hawa hawakai majini. Wanashika kwenye sponji, changarawe na kioo. Kila walipoanza kushika, sabuni iliwaondoa. Usijilaumu, wengi tumeanza hivyo hivyo na hakuna aliyetuambia.

Na maji yetu ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya chokaa, tazama birika lako la chai lilivyoganda ndani. Maji ya namna hii pH yake, yaani kipimo cha asidi ya maji, huwa juu ya 7. Amonia ile ile, pH ikitoka 7 ikafika 8, makali yake huzidi karibu mara 10. Kwa hiyo huku kwetu tangi changa linaua haraka.

Sasa fanya hivi. Samaki aliyebaki mhamishie kwenye ndoo kubwa ya lita 20 pamoja na pampu ya hewa. Kila siku badilisha nusu ya maji, na hayo mapya yawe yamekaa wazi usiku na mchana ili klorini iondoke. Chakula kidogo sana, siku moja mpe, siku moja muache.

Tangi lijaze, washa filta, usitie samaki. Nenda soko la Darajani kanunue kamba mmoja mdogo, mbichi, asiwe wa chumvi. Mtie ndani ya kipande cha soksi nyepesi umning'inize majini. Akioza anatoa amonia, na hicho ndicho chakula cha bakteria. Patanuka kidogo, vumilia. Joto letu linatosha, hita huhitaji. Kawaida ni wiki 4 mpaka 6.

Mama Thuraiya
Wiki sita! Babu, mtoto nitamwambia nini?

Mwalimu wa Kemia, Chake
Dada, mwambie kuna wanyama wadogo wasioonekana wanaojenga nyumba mle, kisha mpe kazi ya kupima. Agiza kipimo cha matone, cha amonia, nitriti na nitrati. Vile vijikaratasi vya kuchovya sivipendi, havisemi vizuri kwenye vipimo vya chini, na hapa ndipo penye hatari. Thuraiya awe na daftari, kila baada ya siku mbili aandike rangi aliyoiona. Wanafunzi wangu nimewafundisha hivi na hawakusahau.

Ataona amonia inapanda. Ikifika kama miligramu 3 au 4 kwa lita mtoe kamba. Kisha itaanza kushuka na nitriti itapanda, tena hii ndiyo inayochelewa, watu wengi hukata tamaa hapo. Vitabu vya zamani vinasema anayeila nitriti ni Nitrobacter, lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulikuta kwenye matangi ya maji baridi kazi hiyo inafanywa na jamii ya Nitrospira, nao hukua polepole.

Kuhusu maji ya mvua, kaka wa Bububu, nia yako njema ila usimshauri hivyo. Maji ya mvua hayana chokaa. Bakteria wakifanya kazi hutoa asidi, na bila chokaa ya kuizuia pH huporomoka, ikishuka chini ya 6 kazi yao karibu husimama. Chokaa yetu hapa ni msaada.

Kijana wa Bububu
Ahsante mwalimu, hilo sikulijua. Nafuta.

Babu Kikwajuni
Kuhusu muda, nna njia ya kuufupisha. Tangi langu lina miaka, njoo uchukue nusu ya sponji yangu. Chukua kimfuko kilichojaa maji ya tangi hilo hilo, isikauke njiani, ukifika iweke jirani na sponji yako. Wiki mbili huenda zikatosha, lakini kipimo ndicho kitakachosema.

Na umeme. Ulipokatika Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, nilipoteza tangi zima. Filta ikisimama saa nyingi bakteria hukosa hewa wakafa. Tafuta pampu ndogo ya betri uiweke tayari.

Mama Thuraiya
Babu, nakuja kesho baada ya alasiri inshallah. Sponji nikiiosha?

Babu Kikwajuni
Ikamue kwenye ndoo ya maji ya tangi. Bomba na sabuni, katu.

Mama Thuraiya
Narudi na majibu, siku ya 19. Nitriti ilikaa juu siku nane nikadhani nimeharibu. Juzi tulitia chakula cha samaki kidogo, amonia ikapanda, baada ya saa 24 amonia 0 na nitriti 0. Nitrati 40. Thuraiya kaandika sufuri mbili kwa kalamu nyekundu.

Mwalimu wa Kemia, Chake
Mashallah. Badilisha nusu ya maji kwanza, nitrati ishuke. Kisha tia samaki watatu au wanne, usiwatie wote kwa siku moja, maana bakteria ni kiasi cha chakula walichozoea. Samaki wa dhahabu asirudi humo, lita 54 hazimtoshi, anakua akazidi shibiri. Tafuta gapi au moli, wanapenda maji yenye chokaa.

Babu Kikwajuni
Wa dhahabu mlete kwangu, nna birika kubwa la uani. Thuraiya aje kumtazama akitaka.

Mama Thuraiya
Thuraiya kaja na wa dhahabu mwenyewe, kamshika kwenye kimfuko safari nzima. Gapi wanne wana wiki ya tatu, wote wazima. Mmoja tumbo limejaa, kuna doa jeusi nyuma. Nimtenge?

Babu Kikwajuni
Muache alipo, huyo ana mimba. Tia majani mengi ya majini watoto wapate pa kujificha, na chakula kisizidi. Ukiona wameongezeka, anza tena kupima kila siku.